Mvuvi Aliyelala Bila Usingizi

Mwalimu aliniandikia kifungu cha ufahamu cha Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili za karatasi ya mistari, kuhusu mvuvi ambaye kamba ya nanga ya ngalawa yake imekatika wakati wa kusi. Usiku kucha mvuvi huyo amejinyoosha mkekani, macho yako darini, anasikiliza upepo na kuhesabu hasara. Swali la tatu liliuliza ni jambo gani linaloonyesha kwamba alikuwa na wasiwasi, nami nikajibu kwa kujiamini kabisa: "He slept the whole night thinking about the boat." Mwalimu alisoma, akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi chake, akaivaa tena na kusoma mara ya pili. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili:

"Mwanangu, huyu mtu alilala?"

"Ndiyo, Mwalimu, alilala."

"Alipata usingizi?"

"La, hakupata."

"Basi alilalaje?"

Ilinichukua siku nzima kulimeza swali hilo. Katika Kiswahili kulala ni kujinyoosha mahali, na pia ni kushikwa na usingizi, na hatuoni haja ya kuzitenga maana hizo kwa sababu maneno yaliyo jirani hututengea: daktari akikuambia ulale chali akupime tumbo, hudhani kwamba anataka ukorome. Kiingereza kimezigawa kwa vitenzi viwili, "lie" na "sleep", na kama kwamba hilo halitoshi, "lie" katika wakati uliopita hugeuka "lay", neno ambalo katika wakati uliopo ni kitenzi kingine chenye maana ya kulaza au kutaga. Kifungu kilikuwa kimesema waziwazi kwamba mvuvi "lay awake". Nililiona neno hilo, nikalipita, na kichwa changu kikaligeuza kuwa "alilala" bila kuniomba ruhusa. Nilipolirudisha kwenye Kiingereza likatoka "slept". Sentensi yangu haikuwa na kosa la tahajia wala la wakati. Ilikuwa sentensi safi ya Kiingereza iliyokisingizia kifungu jambo ambalo hakikusema.

Hayo yalikuwa mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 28 na watoto wawili, nikijiandaa kurudia KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Miaka kumi kabla ya hapo, Kiingereza kiliniachia D+ kwenye cheti, na kozi ya ualimu wa chekechea niliyoitamani ilidai angalau C. Nimeombwa mara kadhaa na wasichana wa mtaani kwetu niwaeleze nilivyojiandaa, na kila nikianza kueleza kwa mdomo narukia huku na kule, kwa hiyo nimeona afadhali niandike. Nitazungumzia karatasi ya pili pekee, na ndani yake hasa ufahamu na sarufi, kwa sababu hapo ndipo nilipoangukia mara ya kwanza.

Kwa asiyeufahamu mpangilio wake, Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ni alama 60, nayo ina uandishi wa kiuamilifu, yaani wa barua na mfano wake, kujaza mapengo na stadi za mazungumzo. Ya tatu ni alama 60 pia, nayo ni ya insha. Ya pili ndiyo nzito kuliko zote: alama 80 kwa saa mbili na nusu, maswali manne, yote ya lazima. Ufahamu una alama 20, dondoo kutoka kitabu teule alama 25, shairi au fasihi simulizi alama 20, na sarufi alama 15. Sarufi iko mwisho, na jambo hilo dogo ndilo lililonimaliza mwaka 2009. Nililing'ang'ania shairi mpaka likanichosha, nikafika swali la nne zikiwa zimebaki dakika chache sana, nikajaza vihusishi kama mtu anayerusha dadu.

Mwalimu ninayemtaja ni mzee mstaafu wa mtaani kwetu Kilifi, mteja wangu wa mahamri na mbaazi wa kila asubuhi, ambaye amefundisha Kiingereza tangu nikiwa sijazaliwa. Malipo yake yalikuwa mahamri manne kwa siku, na hakuwahi kukubali la tano. Mbinu yake ilinishangaza, kwa kuwa alinifundisha Kiingereza kwa Kiswahili, na mara nyingi alianza kwa kuniuliza habari za Kiswahili chenyewe. Mimi nilisoma katika shule ambako kuzungumza Kiswahili siku zisizo za Kiswahili kulikuwa kosa. Palikuwa na kibao cha mbao kilichotobolewa na kutiwa uzi, tulichokiita diski, kilichopitishwa kutoka shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyesafisha vyoo. Sina hakika kama kibao hicho kilimfundisha yeyote Kiingereza. Najua kilitufundisha kuficha. Tuliendelea kufikiri kwa Kiswahili kama kawaida na kutafsiri kimyakimya, na kwa kuwa kazi hiyo ilifanyika mafichoni, hakuna mwalimu aliyewahi kuisahihisha.

Mwalimu aliitoa nje kazi hiyo ya kutafsiri. Juma la pili alinitaka niandike sentensi kumi za Kiswahili zenye "-me-" kisha nizitafsiri. Amefika, nikaandika "has arrived". Amekula, "has eaten". Hapo mambo yalikuwa mazuri. Amesimama mlangoni, "has stood at the door". Amevaa kanzu, "has worn a kanzu". Mtoto amelala, "the child has slept". Amekaa kwenye kiti, "has sat on a chair". Kalamu nyekundu ilipita juu ya nne za mwisho bila huruma, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuelezwa kwa miaka minne ya sekondari: "-me-" yetu hubeba kitendo kilichokwisha, na hubeba pia hali iliyozaliwa na kitendo hicho ambayo bado ipo. Anayesemwa kwamba amesimama alimaliza kuinuka zamani, na kusimama anaendelea nako. Kiingereza huitaka hali hiyo isemwe kwa njia nyingine, "is standing", "is wearing", "is asleep", "is tired". Tangu siku hiyo, kila nilipotaka kuandika "has" au "have", nilijiuliza kama kitendo kimepita au kama mtu bado yumo ndani yake. Swali hilo moja liliniondolea makosa mengi kuliko jedwali la nyakati 12 nililolikariri nikiwa kidato cha pili na ambalo mpaka leo naweza kulighani kama kaswida.

Upande wa pili wa jambo hilo ni neno "jana". Sisi husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, ilhali katika Kiingereza ukishataja wakati mahususi uliokwisha, "have" haina nafasi tena. Kwenye zoezi la kujaza kitenzi katika umbo linalofaa, nilijifunza kuutafuta wakati kwanza, "yesterday", "in 1963", "two days ago", kabla hata ya kukitazama kitenzi chenyewe.

Kisha tukafika kwenye vihusishi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwalimu aliandika sentensi moja ya Kiswahili ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Alikwenda kwa miguu kwa jirani, akanunua panga kwa shilingi mia tano, akaukata mnazi kwa panga hilo kwa hasira, na mwenye mnazi akafa kwa mshtuko." Akaniambia nizihesabu "kwa" zote. Zilikuwa sita. Akaniambia nitafsiri. "On foot", "to the neighbour's", "for five hundred shillings", "with the machete", "in anger", "of shock". Neno moja la kwetu limegawanyika kuwa maneno sita, na hakuna hata moja kati ya hayo sita linaloweza kukalia kiti cha mwenzake. Nilitazama karatasi ile nikaelewa ni kwa nini mwaka 2009 nilikuwa nikibahatisha: nilikuwa naulizwa nichague kati ya milango sita, na kichwani mwangu palikuwa na mlango mmoja tu.

Vipo pia vihusishi ambavyo katika Kiswahili havionekani kabisa kwa sababu vimemezwa na kitenzi. Aliniibia, alinifungulia, aliniandikia: ile "i" ndogo katikati ya neno ndiyo inayofanya kazi ya "from", ya "for" na ya "to". Kwa hiyo mtu wa kwetu huandika "he stole me a phone", na Mwingereza akisoma atadhani mwizi ameniletea zawadi. Na kinyume chake pia kipo. Sisi hujadiliana kuhusu jambo na husisitiza juu ya jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about" na "emphasize on", ilhali vitenzi hivyo vya Kiingereza havihitaji msaidizi yeyote. Daftari langu lilikuwa na kurasa mbili zilizotazamana, kushoto vitenzi vinavyodai kihusishi na kulia vitenzi vinavyokikataa, na kwa kila kitenzi niliandika sentensi nzima inayohusu maisha yangu, ya unga, ya kodi ya nyumba, ya mtoto kukataa kuoga. Orodha kavu hazikuwahi kunikaa kichwani, wala sijui zinawakaaje wengine.

Kuhusu usomaji wenyewe, bahati yangu ilikuwa karatasi za kufungia. Nilikuwa nikinunua magazeti ya zamani kwa kilo ili kufungia mahamri, na mengi yalikuwa ya Kiingereza. Nikaanza kuzitenga kurasa za tahariri na maoni, kwa kuwa Mwalimu alisema vifungu vya mtihani vinafanana na maandishi ya namna hiyo, ya mtu anayejenga hoja, kuliko habari za ajali na mpira. Nyingine zilikuwa zimeshatumika na kurudi mezani zikiwa na madoa ya mafuta yaliyofunika maneno. Nilizisoma hivyo hivyo. Palipokuwa na doa nilikisia neno lililo chini yake, kisha nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha nione kama nimepatia, maana karatasi iliyolowa mafuta huruhusu mwanga. Bila kukusudia nilikuwa nikifanya zoezi la kujaza mapengo, ambalo lina alama 10 katika karatasi ya kwanza, na nilijifunza kwamba neno lililopotea mara nyingi linadokezwa na neno lililo baada yake kuliko lililo kabla yake.

Wapo wanaoshauri kwamba usome maswali kwanza ndipo usome kifungu. Nimelijaribu hilo na sikubaliani nalo. Ukishalisoma swali, macho huanza kuwinda maneno yanayofanana na ya swali, na yakiyapata yanatulia hapo hapo, ilhali mtungaji amekwisha kuyapanda maneno hayo mahali pengine makusudi. Nilikuwa nasoma kifungu kizima mara moja bila kalamu, kisha nasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, sentensi moja tu: mwandishi huyu anataka nini? Ikiwa sikuweza kuisema sentensi hiyo, nilijua sijasoma, hata kama nilikuwa nimeyatamka maneno yote. Baada ya hapo ndipo nilipoyafungua maswali, na kwa kila jibu nilirudi kwenye kifungu nikaweka kidole juu ya mstari unaonitetea. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kunikatiza na kuuliza, "Kidole kiko wapi?" Nikikosa pa kukiweka, jibu lilikuwa limetoka kichwani mwangu na si kwenye kifungu, hata liwe la busara namna gani.

Katika usomaji huo wa pili ndipo penseli ilipofanya kazi. Nilizungushia kila kiwakilishi duara na kuvuta mstari hadi kwa mwenyewe. Sababu ni kwamba Kiswahili hakimbagui mwanamke na mwanamume katika kitenzi. "Alisema" ni ya wote. Palikuwa na kifungu kuhusu mhandisi wa maji ambaye katika aya sita alitajwa kwa "she" mara mbili tu, na kwingine kote aliitwa "the engineer". Nilijibu maswali matano nikimwita "he". Mwalimu aliniuliza kwa upole uliouma kuliko ukali, "Na wewe ni mwanamke, mwanangu?" Kosa hilo, kwa kweli, lina sura mbili: moja ni ya sarufi, kwa kuwa lugha yetu haitulazimishi kulitazama jambo hilo, na nyingine ni ya mazoea, kwa kuwa nilipoona "mhandisi" nilimwona mwanamume. Ile ya pili Kiswahili hakina hatia nayo.

Maswali ya msamiati, yale yanayotaka maana ya neno kama lilivyotumiwa katika kifungu, yana mtego mmoja ambao ukiujua umeuvuka. Jibu lako linapaswa kuweza kukaa mahali pa neno lililoulizwa bila sentensi kuvunjika. Kifungu kikisema mtu "reluctantly agreed", na wewe ukaandika "not wanting", umeelewa lakini hukujibu. "Unwillingly" inakaa vizuri kwa sababu nayo ni kielezi. Niliyarudia maswali ya namna hiyo mpaka ikawa desturi kuliandika jibu langu juu ya neno la kifungu kwa penseli na kuisoma sentensi nzima upya.

Muhtasari nao ulinisumbua kwa sababu moja tu: swali likisema majibu yawe katika muundo wa vidokezo, mimi niliendelea kuandika sentensi kamili, nikidhani naonyesha ufundi. Mwalimu alikuwa akizifuta zote, alama zikaenda na maji. Kwa yule mvuvi wetu, sababu za wasiwasi zilitakiwa ziandikwe mkatomkato, "old rope", "unpaid loan", "no second boat", kila moja kwenye mstari wake, basi. Vilevile alinikataza kunakili mistari mizima ya kifungu. Aliyenakili, alisema, ameonyesha kwamba ana macho.

Sasa sarufi yenyewe, zile alama 15. Sehemu inayowatisha wengi ni ya kuandika sentensi upya kufuatana na maagizo bila kubadilisha maana. Nilikuwa nimekariri kwamba "no sooner" hufuatwa na "than", na kila mara niliandika "when". Mwalimu alinitafsiria neno kwa neno: "no sooner" ni "si mapema zaidi". Si mapema zaidi kuliko nini? "Kuliko" ndiyo "than". Imetokana na ulinganisho, kwa hiyo haiwezi kwenda na kitu kingine. "Hardly" na "scarcely" hazina ulinganisho ndani yake, ndiyo maana huchukua "when". Miaka kumi nilikuwa nikijaribu kukumbuka jambo ambalo lingeniingia kwa dakika mbili kama ningelielezwa. Baada ya hapo lilibaki la mpangilio, kwamba ukianza sentensi kwa maneno hayo, au kwa "never", au kwa "not only", kitenzi kisaidizi hutangulia mtenda kama katika swali: "No sooner had she lit the stove than it rained." Jiko langu la nje lilinisaidia kuikumbuka sentensi hiyo, maana lilikuwa na tabia hiyo.

"Unless" ilinipa taabu ya aina yake. Kiswahili kina "usipo-", na ukanusho umo ndani ya kitenzi: usipoharakisha utachelewa. Nikitafsiri, naubeba ukanusho ule kama ulivyo na kuutia kwenye kitenzi cha Kiingereza, "unless you don't hurry, you will be late", kumbe "unless" yenyewe tayari imeshaubeba. Natokea kumtishia mtu kwamba atachelewa asipoacha kuharakisha. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa kwamba "unless" imeshakanusha, niiache ifanye kazi yake.

Yapo maswali yanayokupa sentensi mbili zinazofanana na kukutaka ueleze tofauti ya maana. Hapa, ajabu, Kiswahili kikawa silaha. "He stopped to talk" na "he stopped talking" kwa macho ya Kiingereza zilinionekea kitu kimoja, lakini nikizitafsiri zinaachana zenyewe: alisimama azungumze, aliacha kuzungumza. Ile ya mkato nayo ni hivyo hivyo. "My brother, who lives in Nairobi, is a nurse" ina maana kwamba nina kaka mmoja, na kwamba habari ya Nairobi imeongezwa tu njiani. Ukiuondoa mkato pande zote mbili, ninao wengine, na ninamtenga yule wa Nairobi. Mwalimu alipenda kusema kwamba mikato miwili inaweza kuwaua ndugu zako wote, na kila aliposema hivyo alicheka peke yake.

Viulizi vidogo vya mwishoni mwa sentensi havikunichukua muda mrefu, ingawa sisi tuna "sivyo?" moja inayotosha kwa kila hali na wao wanataka kipya kila mara. Kilichohitaji uangalifu ni maneno yanayokanusha bila kuonekana kwamba yanakanusha, kama "seldom", "hardly" na "nobody", ambayo mkia wake huwa wa kukubali: "She seldom complains, does she?" Nililazimika pia kuacha kujibu kama kwetu. Mtu akiniuliza kama sikuenda sokoni, nami kweli sikwenda, kwa Kiswahili nasema "ndiyo", nikilikubali neno lake. Kwa Kiingereza ni "no", kwa kuwa jibu hufuata ukweli wa jambo. Miundo ya maneno, kutoka "long" hadi "length", "pronounce" hadi "pronunciation", haina ujanja ninaoujua zaidi ya kuandika na kurudia. Sisi tunaweka "u-" mbele ya refu, zuri na baya, kazi imekwisha. Wao kila neno lina ukoo wake.

Miezi mitatu ya mwisho nilifanya karatasi nzima mara mbili kwa juma, baada ya kuuza, kuanzia saa tatu unusu asubuhi hadi adhuhuri, simu ikiwa kwa jirani na saa ya ukutani mbele yangu. Mwalimu alinipigia hesabu: dakika 150 kwa alama 80 hazifiki dakika mbili kwa alama moja. Kwa hesabu hiyo sarufi inastahili dakika 28, na ilhali mtu aliyejiandaa huimaliza kwa 20, akaniamuru nianze nayo, kisha ufahamu, kisha dondoo, shairi liwe la mwisho ili likitaka kunila lile muda wake lenyewe. Najua wapo watakaobisha kwamba kuruka maswali kunamchanganya mtahiniwa. Mimi hakukunichanganya, nilihakikisha tu kwamba nambari ya swali iko wazi kwenye kila ukurasa.

Matokeo yalipotoka, Kiingereza kilisoma C+. Vile vineno "a" na "the" bado vinanishinda. Kiswahili hakina kitu kama hicho, na nilipovisahihisha kila mara nilikuwa nasikiliza sauti ya Mwalimu kuliko kanuni yoyote. Aya hii yenyewe ningetakiwa kuiandika kwa Kiingereza, ningeiandika kwa hofu.

Asubuhi ya karatasi ya pili, saa kumi na moja unusu, giza bado halijapasuka, Mwalimu alikuja mapema kuliko siku zote. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia marahaba, akasimama kando ya karai akisubiri mahamri yake manne, na kama mtu asiye na lolote moyoni akaniuliza:

"Umelalaje, mwanangu?"

"Nimelala, Mwalimu," nikamwambia, "ila usingizi sikupata."

Alicheka mpaka ikabidi nimpokee kikombe.